Mama Mkwe wa Ukutani

Mjukuu wangu alipaswa kunipa mji. Hiyo ndiyo sababu niliyowaambia nyumbani nilipovaa viatu vyangu vya safari na kwenda kumtafuta. Walicheka, na mimi nikacheka nao. Mtu akikuona una wasiwasi atakuzuia, lakini akikuona una upuuzi wako wa kizee atakuacha uende.

Tuna mchezo wetu, mimi na yeye, tangu alipokuwa kibogoyo wa meno ya utotoni. Mmoja anatega kitendawili, mwingine anategua, na anayeshindwa anatoa mji. Alipokwenda chuo tukauhamishia mchezo kwenye simu. Jioni, nikishaosha vyombo, simu inalia na mtu anapiga kelele upande wa pili, "Mke mwenza! Kitendawili!" Nami nafuta mikono, najibu, "Tega!" Humwita mke mwenza, naye huniita hivyo hivyo, na marehemu babu yake ndiye mume wetu, ambaye kila mmoja anadai alimpenda yeye zaidi.

Mara ya mwisho nilitega mimi. "Rafiki yangu tunafuatana njia nzima, taa ikizimwa, ananikimbia."

Kilikuwa kitendawili chepesi, cha mtoto wa darasa la pili.

"Nitakifikiria, Bibi," akasema, kwa sauti ya chini kama mtu aliyejificha nyuma ya pazia.

"Mbona unanong'ona? Kuna mgonjwa hapo?"

"Hapana. Ni Mama Mkwe, asije akanuna."

"Umeolewa bila kuniambia?"

Hapo alicheka kidogo, na kicheko kikakatika. Toka siku hiyo simu yake haikupatikana tena.

Habari ya Mama Mkwe nilikuwa nayo tangu mwanzo. Hosteli yao ilikuwa imefungwa mita mpya, zile zinazojisomea zenyewe. Kila chumba kiliwekewa kioo kidogo ukutani, upana wa kiganja, kama cha simu, na ndani ya kioo kuna uso wa kuchorwa. Ukitumia umeme kidogo, uso unatabasamu. Ukichemsha maji na kupiga pasi na kuacha taa inawaka, uso unanuna. Wasichana wakaupa jina hilo kwa sababu, walisema, haufurahi mpaka ujinyime. Na chini, mlangoni, kulikuwa na kioo kikubwa chenye picha ya nyumba nzima na madirisha yake yote, kila chumba na dirisha lake. La kijani ni la mwenye kubana matumizi, la njano ni la mtu wa kawaida, jekundu ni la mbadhirifu. Atakayeshinda muhula ule hataingia kwenye kura ya vyumba mwakani; chumba chake ni chake mpaka amalize masomo. Na mjukuu wangu aliogopa kura ile kuliko mtihani. Aliyekosa chumba alikwenda kupanga mbali, kule ambako msichana akitoka maktaba jioni hafiki.

Nilimwambia ni jambo zuri, na bado nasema ni zuri. Kwangu mimi taa isiyo na mtu chini yake huzimwa. Lakini kuna kukaza mkanda, na kuna kukaza kitanzi.

Nilifika mchana, mvua ikiwa imelifunika jua. Chini palikuwa na Matroni, mwanamke wa makamo, mnene, mpole, miguu yake ameiweka juu ya kigoda, anafuma kitambaa. Kioo kikubwa kilikuwa ukutani nyuma yake. Tukasalimiana vizuri, tukaulizana hali za watoto na za magoti.

"Namtafuta mjukuu wangu," nikasema. "Chumba cha mwisho, ghorofa ya tatu."

Hakuinuka. Aligeuza shingo tu, akatazama kioo. "Ah, yule hayupo, mama. Ameondoka. Unaona dirisha lake? Jeusi. Chumba kisipotumia chochote, mita inakihesabu kitupu, inakata umeme wake yenyewe."

"Ameondoka kwenda wapi? Nyumbani hakuja."

"Wasichana hawa!" akasema, kwa huruma. "Labda kwa shoga yake."

"Ulimuona akitoka?"

Sindano zake zikasimama. "Kumuona... sikumuona. Zamani nilikuwa napita mlango kwa mlango kila jioni. Ngo ngo ngo, 'Nipo!' Ngo ngo ngo, 'Nipo!' Miguu inavimba kama mkate. Tangu kije hiki, sipandi. Kinanihesabia."

"Basi niache nipande mimi. Miguu yangu ni mikavu, haina cha kuvimba."

"Chumba kitupu, mama."

"Hata kitanda chake nitakisalimia."

Akanicheka, akaniruhusu.

Nimezaa, nimelea, nimekaa na wasichana maisha yangu yote, na ninachojua ni kwamba wasichana wawili wakikaa pamoja nyumba haikaliki kwa kelele. Sasa hebu fikiri nyumba nzima ya wasichana, na unachosikia ni viatu vyako mwenyewe. Hakuna redio. Hakuna anayecheka, wala kijiko kugonga kikombe. Korido ilikuwa katikati ya vyumba, haina dirisha hata moja, na taa zake zilikuwa za kujiwasha. Unakanyaga, tik, moja inawaka juu ya kichwa chako. Unapita, inazimika nyuma yako. Nilikwenda na kipande changu cha mwanga kama mtu aliyebeba mwavuli, na mbele giza, na nyuma giza.

Milango mingine ilikuwa wazi nusu. Nilichungulia. Msichana ameketi dirishani, kitabu kimegusa pua, anasoma kwa mwanga wa mvua. Mwingine amelala macho wazi, na ukutani juu ya kitanda chake uso mdogo wa kijani unatabasamu.

Nilipokaribia mwisho wa korido, mlango mmoja ukafunguka akatoka msichana mrefu, peku. Nilimjua kwa habari zake. Mjukuu wangu alimwita Spika, maana muziki wake ulikuwa unatingisha vikombe vya jirani.

"Shikamoo, Bibi," akanong'ona.

"Marahaba, mwanangu. Na wewe unanong'ona? Sauti nayo inakula umeme?"

Akatabasamu kwa aibu. "Tumezoea tu. Ukizima kila kitu, unaona hata kuongea ni kelele."

"Namtafuta jirani yako."

"Yule kaondoka, Bibi. Dirisha lake jeusi."

Na wakati anasema hivyo, nyuma yake mlango wa mwisho ulifunguka na mjukuu wangu akasimama pale.

Alikuwa amevaa gauni lake la njano nililomshonea. Alikuwa ananitazama mimi. Mkono wake ulikuwa kwenye fremu ya mlango, karibu kabisa na bega la Spika, na Spika hakugeuka.

"Huyu hapa!" nikasema. "Mnanichezea?"

Spika alitazama nilikoelekeza kidole. Alitazama kama mtu anavyotazama ukuta. "Nani, Bibi?"

"Umeniona?" mjukuu wangu akauliza. "Bibi, unaniona kweli?"

"Nikuone nisikuone, unipe mji wangu," nikajibu, maana ulimi ulikuwa umezoea kujibu hivyo. Nikampita Spika, nikamshika mkono. Ulikuwa baridi kama mkono wa mtu anayeosha mchele. Nikaingia naye ndani na kufunga mlango, na Spika akabaki koridoni.

Chumba kilikuwa safi, kimepangwa. Soketi zote tupu. Birika la umeme limefungwa waya wake kiunoni, liko juu ya kabati kama zawadi isiyofunguliwa. Kioo cha ukutani kilikuwa cheusi.

Tuliketi kitandani akaniambia, nami nitasema kama alivyosema. Mwanzo aliacha birika. Kisha pasi. Kisha simu akawa anachajia maktaba, halafu akaona aibu, akaacha kuchaji kabisa. Uso ukawa unatabasamu. Kisha akazima hata taa ya mezani, akawa anakaa tu, kimya, gizani, mikono mapajani. "Ilikuwa raha, Bibi. Nilikuwa naona kama ananipenda. Siku moja nilipoamka alikuwa anatabasamu mpaka macho yamefumba. Nikajua hakuna hata kidogo, sifuri. Nikafurahi. Halafu akazimika."

"Na wewe?"

"Nilitoka kwenda bafuni, taa ya korido haikuwaka. Nikadhani imeharibika. Alivyopita Spika ikawaka. Nikamsalimia. Akapita." "Nikashuka kwa Matroni, nikasimama mbele yake, nikamwambia niwashie umeme, nimerudi. Aliendelea kufuma."

"Kwa nini hukuja nyumbani?"

"Niliogopa barabara, Bibi. Kama watu hawanioni, magari je?"

Nikamuuliza amekula nini, kwa sababu bibi akikosa la kusema huuliza hilo.

"Sisikii njaa," akasema. "Hilo ndilo linaloniogopesha zaidi."

Nikamvuta. "Inuka twende kwa Matroni. Mimi nina mdomo."

Tukatoka. Spika alikuwa amerudi chumbani kwake, mlango wake wazi. Taa za korido zikaniwakia, tik, tik, na mimi nikatazama sakafuni, kwa sababu wazee tunatazama tunapokanyaga. Tulikuwa wawili, tumeshikana mikono. Sakafuni kilikuwa kivuli kimoja, kifupi, kinene, cha bibi kizee, kimenyoosha mkono wake pembeni na hakikushika kitu.

Sikumwambia. Yeye aliona kwamba nimesimama, akafuata macho yangu, akaona.

"Bibi," akasema polepole, "kile kitendawili nilikijua tangu ile siku. Nilishindwa kukisema. Kila nikitaka kusema, kilikuwa kinaniogopesha."

Chini, Matroni alitupokea kwa uso mkunjufu. "Umekisalimia kitanda?"

"Nimekuja na mwenyewe. Huyu hapa. Mwashie umeme wake."

Alitazama mkono wangu. Alitazama kando yangu, na macho yake yakapita ndani ya gauni la njano yakatua mlangoni. Akaweka kitambaa chake chini taratibu. "Mama," akasema kwa upole, "kaa kidogo. Safari imekuchosha. Nikuletee maji?"

"Sitaki maji. Nataka ubonyeze hapo, uandike yupo."

"Siwezi kuandika mtu yupo mpaka nimuone. Ndiyo kazi yangu."

Basi ona tulipofika. Hawezi kuwashiwa mpaka aonekane, na haonekani mpaka awashiwe. Mjukuu wangu alianza kulia, na machozi yake sikuyasikia mkononi mwangu. Yalikuwa hayana uzito. Na vidole nilivyovishika nikaona kama vinapungua, kama sabuni. Nikajua nikikaa pale nabishana na Matroni mpaka jioni, nitarudi nyumbani nimeshika hewa.

Nikapanda naye tena. Sikujua nitafanya nini mpaka nilipomuona Spika mlangoni kwake, anatutazama, yaani ananitazama mimi, mkono mdomoni.

"Bibi, ulikuwa unaongea na nani mle ndani? Nilisikia sauti yako tu."

Ningemwambia nini? Ningemwambia ukweli angekimbia. Nikasimama katikati ya korido, nikajaza kifua, nikapiga ukelele ambao nyumba ile ilikuwa haijausikia kwa muda mrefu.

"Kitendawili!"

Kuna mambo mtu hajiulizi. Mtu akipiga chafya unasema pole. Spika akajibu kabla hajajua kwamba anajibu: "Tega!" Na milango mingine mitatu minne ikafunguka, vichwa vikatoka, sauti nyembamba zikaitika, "Tega! Tega!"

"Rafiki yangu tunafuatana njia nzima, taa ikizimwa, ananikimbia."

"Simu!" akasema mmoja.

"Simu hata taa ikizimwa mnalala nayo. Hapana."

"Mchumba!" Hapo wakacheka, na kicheko chenyewe kikawashtua, wakatazamana.

"Huyo anakuja taa ikizimwa, mwanangu, usinidanganye mimi. Spika?"

Spika akafikiri. "Nzi? Sijui, Bibi. Nimeshindwa."

"Basi nipe mji."

"Chukua mji wowote, Bibi, chukua mkubwa kabisa!"

"Miji mikubwa ninayo, imejaa kabatini. Mimi ndiye mdai, mimi ndiye mchaguzi. Nataka umeme wako. Una waya mrefu wa kuunganishia? Chomeka kwako, uupitishe korido, uufikishe chumba cha mwisho. Na taa ya mezani."

Akashtuka. "Bibi, dirisha langu ni la pili kwa ukijani! Mama Mkwe atanuna."

"Mama Mkwe akinuna hafi mtu. Umeshindwa, umekubali, umesema chukua. Mji ni mji."

Alisimama akaangalia uso wake mdogo ukutani, unaotabasamu. Naye alikuwa na chumba cha kupoteza kama mwenzake. Halafu akapiga magoti, akautoa waya chini ya kitanda, umejaa vumbi. Ule waya zamani ulikuwa wa spika zake. Wenzake wakausaidia kupita korido, hawajui wanasaidia nini, wanacheka chinichini kama watoto wanaoiba sukari.

Nilimketisha mjukuu wangu kitandani, mgongo ukutani. Sikuwa nauona tena mkono wake vizuri. Spika akaweka taa mezani, mbele ya kitanda alichokiona kitupu, akaniangalia.

"Washa," nikasema.

Akawasha.

Mwanga ulijaa chumba, na kutoka ng'ambo ya korido tukasikia kioo cha Spika kinatoa mlio wa kulalamika. Ukutani hakukuwa na kitu. Ukuta mweupe, mtupu. Wasichana walikuwa mlangoni wamebanana, na kicheko chao kikafa, kwa sababu waliuona uso wangu.

"Mke mwenza," nikasema, "nakutegea mara ya mwisho. Ukishindwa, mume wetu ni wangu peke yangu mpaka Kiyama. Rafiki yangu tunafuatana njia nzima. Taa ikizimwa, ananikimbia."

Mvua dirishani.

"Sema."

"Naogopa."

"Ogopa, lakini sema."

"Kivuli," akasema.

Na ukutani kikaja. Kwanza chepesi, kama doa la chai kwenye nguo iliyofuliwa, kisha bega, kisha kichwa na nywele zake zisizochanwa, kisha kikawa cheusi, kizito, kimekaa kama mtu. Hapo Spika alipiga yowe ambalo hata muziki wake haukuwahi kulifikia. Akamrukia mwenzake, akamshika mashavu.

"Wewe! Ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Hapa wapi? Juzi bafuni nilipita kitu mlangoni, nikadhani ni taulo!"

"Nilikuwa mimi," akasema mjukuu wangu. Halafu akashika tumbo. "Bibi, nina njaa."

Sijawahi kusikia neno tamu kama hilo.

Tulishuka naye, wote kwa kundi. Safari hii taa za korido zilimwakia yeye kabla yangu. Matroni alipomuona aliinuka ghafla kigoda kikaanguka. Akabonyeza kioo, na kule juu kabisa ya picha ya nyumba dirisha jeusi likawaka. La Spika lilikuwa jekundu kama pilipili. Akaliangalia, akasonya, akasema potelea mbali, lakini niliona ilimuuma.

Mjukuu wangu alikula mkate mzima wa Matroni amesimama. Mimi nikakitazama kile kioo kwa mara ya kwanza vizuri. Kwa mbali ni kitu kizuri, madirisha yanang'aa kama nyumba yenye sherehe.

"Matroni," nikasema. "Mbona kuna mengine meusi? Lile, na lile, na yale mawili ya ghorofa ya pili."

"Hao wameondoka," akajibu haraka. Wasichana waliacha kucheka.

"Uliwaona wakitoka?"

Alitazama ngazi. Akatazama miguu yake. Kisha akavua ndala, akashika ukingo wa ngazi, akaanza kupanda, polepole, anahema, na sisi nyuma yake, na Spika nyuma ya wote amebeba waya na taa.

Ghorofa ya pili, mlango wa chumba cha kwanza chenye dirisha jeusi. Matroni akagonga kama zamani. Ngo ngo ngo.

Hakuna aliyesema nipo.

Akagonga tena, akanigeukia, macho yamejaa. Nikasogea, nikaweka mdomo karibu na mbao.

"Kitendawili," nikasema.

Tukasubiri. Mvua ilikuwa imekatika. Na nyuma ya mlango, chini, kama inatoka sakafuni, sauti ndogo sana ya mtu ambaye hajaongea siku nyingi ikajibu:

"Tega."